Waridi la Jangwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kulikuza, Kulipogoa na Kulifanya Lichanue kwa Wingi

Majibu haya ni ya mtu anayekuza waridi la jangwani chunguni: barazani, uani, kwenye roshani ya ghorofa au juu ya paa la zege. Nimewaandikia kwanza watu wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Pale ambapo mkazi wa Nairobi, Arusha au ughaibuni anapaswa kufanya tofauti, nimesema.

Waridi la jangwani ni mmea gani hasa?

Jina lake la kitaalamu ni Adenium obesum. Vitaluni utasikia ukiitwa adeniamu au dezeti rozi. Hauna undugu na waridi tunalolijua. Jamaa zake wa karibu ni oleanda na franjipani, na ndiyo maana ukiuvunja tawi hutoa utomvu kama wao.

Jina Adenium limetokana na Aden, mji wa bandari wa Yemen. Mwanabotania Pehr Forsskål, aliyefuatana na msafara wa Kidenmaki uliokwenda Uarabuni, aliueleza kutoka huko na kuuweka katika kundi moja na oleanda. Alifariki Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapishwa mwaka 1775. Mwaka 1819 ndipo Roemer na Schultes walipoupa jenasi yake yenyewe.

Hata hivyo, kwetu Afrika Mashariki mmea huu si mgeni. Unaota wenyewe katika nyika za Tsavo na Samburu na katika nyanda kame za kaskazini mwa Tanzania. Wenye ndugu Salalah watauona kwenye milima ya Dhofar, na katika kisiwa cha Socotra kuna jamaa yake, Adenium socotranum, ambaye hukua hadi kupita kimo cha mtu. Aliyewahi kupita Tsavo wakati wa ukame anajua sura yake: shina limevimba katikati ya mawe, hakuna jani hata moja, na matawi makavu yamejaa maua ya waridi. Mvua yake ni ya msimu, jua ni la kutwa, na maji hayatuami kwenye mizizi hata kidogo. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na maisha hayo.

Mmea wangu una majani tele, umenawiri, lakini hautoi maua. Kwa nini?

Hili ndilo swali linaloongoza kwa mbali.

Ua la adeniamu hutoka kwenye ncha ya tawi, pale palipokua karibuni. Halitoki ubavuni mwa tawi la zamani. Mmea wenye matawi matatu marefu una ncha tatu za kuchanulia, na hakuna mbolea itakayobadilisha hesabu hiyo. Wenye ncha arobaini unaweza kufunikwa na maua usione majani. Kabla hujanunua dawa yoyote ya kuleta maua, simama mbele ya chungu chako uhesabu ncha. Zikiwa chache, unachohitaji ni kisu.

Ncha zikiwa nyingi na bado hakuna maua, tazama jua. Saa sita za jua lisilozuiwa na pazia, paa wala majani ya mwembe ndicho kiwango cha chini; saa nane ni bora zaidi. Chini ya baraza lenye mwanga mzuri mmea utaishi miaka, lakini utarefuka ukiinamia upande wa mwanga, vituo vya majani vitaachana, na maua yatakuja moja moja. Watu huuweka sebuleni kwa sababu ni mzuri, kisha hulalamika. Uweke nje, ukichanua uingize ndani siku mbili tatu wageni wakija, kisha urudishe.

Jambo la tatu ni mbolea yenye naitrojeni nyingi. Urea, CAN na samadi mbichi ya kuku huleta majani makubwa ya kijani kibichi na matawi laini yanayokimbilia juu. Ukiona mmea umependeza sana kwa majani mwaka mzima, shuku mbolea.

La nne ni umri. Mmea uliotokana na mbegu kwa kawaida huanza kuchanua kati ya mwaka mmoja na miwili. Wa kubebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja lililounganishwa kwenye shina la mwingine, huweza kuchanua miezi michache baada ya kuunga.

La mwisho ni mapumziko. Mmea unaomwagiliwa kila siku mwaka mzima haupati ile dalili ya kiangazi inayoutayarisha kwa maua. Wiki chache za maji machache, kisha maji na jua vikirudi pamoja, mara nyingi hutosha kuuamsha.

Nipogoe lini?

Kwa pwani, wakati mzuri kuliko wote ni mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Kipupwe kinaisha, joto linapanda, hewa bado ni kavu kiasi, na vidonda hukauka upesi. Mmea hupata miezi yote ya joto kuchipua na kuchanua.

Nafasi ya pili ni Januari, kwa mmea wenye nguvu uliomaliza maua ya mwisho wa mwaka. Usikate kuanzia Machi mvua za masika zinapokaribia. Kidonda kibichi kikilowa siku tatu mfululizo, uozo huingia kwenye tawi na kushuka hadi kwenye shina. Juni na Julai nako sioni sababu ya kukata, kwa kuwa mmea umepunguza kasi na utakaa kama kigogo kwa wiki nyingi.

Kutoka siku ya kukata hadi maua ni miezi miwili hadi mitatu, kutegemea joto na nguvu za mmea. Kwa hiyo anayetaka chungu kilichojaa maua kwa ajili ya harusi ya Desemba akate mwanzoni mwa Septemba. Kwa Idi, tazama kalenda uhesabu kurudi nyuma, kisha jiulize kama tarehe uliyoipata imeangukia masika. Ikiangukia huko, acha.

Nikate wapi, na kiasi gani?

Mche wa mbegu hukatwa mara ya kwanza shina lake likifikia unene wa penseli, kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20. Unaondoa kilele tu au zaidi, kutegemea unataka matawi yaanzie wapi. Mimi napendelea yaanzie chini. Mti mfupi wenye kichwa kipana hubeba maua vizuri kuliko mrefu mwembamba. Chini ya pale ulipokata yatachipua macho mawili, matatu, wakati mwingine matano.

Hayo nayo yakifika urefu wa kiganja, yakate tena ukibakiza sentimita tano hivi. Kila duru huzidisha ncha. Shina moja likitoa matawi matatu, kila moja likatoa matatu, na kila hilo tena matatu, una ncha 27 baada ya kukata mara tatu. Hesabu haitoki hivyo kila mara, maana macho mengine hulala, lakini unaona njia inakoelekea. Kwa mmea mkubwa uliorefuka ovyo usiogope kuondoa nusu ya kila tawi, hata theluthi mbili. Adeniamu yenye mizizi mizima huchipua kutoka kwenye mbao tupu isiyo na jani.

Pa kukata ni juu kidogo ya kovu la jani, nusu sentimita hivi, kwa mkato wa mshazari ili maji yateleze. Jicho lililo juu tu ya kovu ndilo litakaloamka, kwa hiyo chagua kovu linalotazama nje. Likitazama ndani, tawi litakua kuelekea katikati na mwakani utalazimika kuliondoa. Toa kabisa matawi yanayosuguana, yanayoshuka chini na yale membamba yanayoota katikati gizani.

Kifaa kiwe kikali, na kifutwe kwa spiriti kabla ya kuanza na unapohamia mmea mwingine. Vaa glovu. Futa utomvu kwa kitambaa safi, kisha paka kidonda unga wa mdalasini, vumbi la mkaa au dawa ya ukungu yenye shaba. Mdalasini wa jikoni unafaa kwa matawi. Kwenye kidonda kikubwa cha shina natumia dawa ya ukungu.

Baada ya kukata nifanye nini?

Kidogo sana. Usimwagilie kwa siku nne au tano. Weka mahali penye jua na upepo, pasiponyeshewa. Majani yakiwa yameondoka, mmea haunywi kama zamani, na kosa la wengi ni kuendelea na ratiba ileile ya maji. Machipukizi yakitokeza, baada ya wiki mbili au tatu, ndipo unaporudisha maji taratibu na mbolea.

Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili pande zote zipate jua. Yakitokea machipukizi saba mahali pamoja, bakiza matatu au manne yaliyoachana vizuri. Inauma kuyatoa, lakini yakiachwa yote yatakuwa membamba, na tawi jembamba halibebi maua mazito ya tabaka mbili.

Naweza kulipinda tawi badala ya kulikata?

Ndiyo, likiwa bado changa. Tumia waya laini wa alumini, au funga uzi kwenye tawi na kuuvuta hadi kwenye ukingo wa chungu. Kagua kila wiki mbili, maana matawi hunenepa haraka na waya huzama kwenye gome. Tawi lililolazwa huchipua macho mengi upande wa juu, hivyo kupinda nako huongeza ncha.

Udongo gani unafaa?

Udongo wa bustani peke yake haufai, hata ukiwa mweusi na mzuri kwa mchicha. Unachotaka ni mchanganyiko ambao maji yakimwagwa yanapita na kutokea chini ndani ya sekunde chache.

Mchanganyiko wa kuanzia: sehemu mbili za mchanga mnene wa mtoni uliochekechwa na kuoshwa vumbi, sehemu mbili za kokoto ndogo za milimita 5 hadi 10, sehemu moja ya mkaa uliopondwa au maganda ya mpunga yaliyochomwa, na sehemu moja ya mboji au samadi ya mbuzi iliyoiva kabisa. Anayeweza kupata pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa pande za Naivasha na Mbeya, atumie hayo badala ya kokoto. Hushika unyevu kidogo bila kutuamisha maji, na chungu kinakuwa chepesi kubeba. Unga wa makumbi ya nazi unafaa kwa kiasi, lakini uloweke na kuusuuza kwanza kwa sababu mara nyingi huwa na chumvi.

Mchanga wa ufukweni achana nao. Una chumvi, na mwingi wake ni chembe za matumbawe zinazoufanya udongo uwe na chokaa nyingi. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi chokaa imezidi na mmea unashindwa kupata madini ya chuma.

Chungu je?

Kipana kuliko kina, chenye matundu makubwa chini. Cha udongo wa kufinyanga hukauka upesi, nacho ndicho salama kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa maji. Plastiki nyeusi kwenye sakafu ya zege saa nane mchana huchemsha mizizi. Iweke juu ya matofali au ipake rangi nyeupe. Usihamishie mmea mdogo kwenye chungu kikubwa mno kwa matumaini kwamba utakijaza: udongo usio na mizizi hubaki na maji, na hapo ndipo uozo huanzia.

Nimwagilie mara ngapi?

Ratiba ya siku haisaidii. Inayosaidia ni fimbo. Chomeka kijiti kikavu cha mshikaki hadi katikati ya chungu, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usiguse tena hadi kijiti kikauke. Kwenye joto la Januari katika chungu kidogo huenda ikawa kila baada ya siku mbili, na mwezi Julai kila baada ya siku kumi.

Wengi wamesikia kwamba huu ni mmea wa jangwani wakaamua kuunyima maji kabisa. Si sawa. Wakati wa joto na majani mengi unakunywa sana, na ukikauka kupita kiasi hudondosha machipukizi ya maua kwanza. Ule ukame wa makusudi niliousema juu ni wa wiki chache, mmea ukiwa umelala.

Na mvua za masika?

Mmea mkubwa katika udongo unaopitisha maji huvumilia. Mche mdogo, mmea uliobebeshwa karibuni na ule uliohamishwa chungu, uingize chini ya paa. Anayekosa paa alaze chungu kwa ubavu siku za mvua kubwa, ili maji yasiingie. Maua ya tabaka mbili na tatu hushika maji na kuoza yakiwa bado matawini. Yang'oe mapema kabla ukungu haujashuka kwenye kikonyo.

Mbolea ipi huleta maua?

Hakuna mbolea inayoleta maua kwenye kivuli. Hilo likishaeleweka, mpe mmea lishe ya wastani. NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), ambayo ni rahisi kupata madukani, inatosha: nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sentimita 25, mara moja kila miezi miwili, wakati wa kukua tu, na kwenye udongo uliokwisha kuloweshwa. Machipukizi ya maua yakianza kuonekana, mbolea yenye potasiamu zaidi na naitrojeni kidogo inafaa. Majivu ya kuni yana potasiamu, ila huongeza uchokaa. Kwa udongo wa pwani wenye matumbawe sishauri.

Maji ya maganda ya ndizi? Yana potasiamu kidogo. Hayadhuru, huleta nzi.

Nifanyeje shina la chini linenepe, na ile mizizi ikae juu kama niliyoiona kwenye picha?

Unene huanza na mbegu. Tawi ulilokata na kulipanda litaota mizizi na kuchanua, lakini mara nyingi halitajenga tumbo pana kama la mche wa mbegu. Jua, nafasi ya mizizi na muda vinafanya kazi iliyobaki.

Mizizi ya kutawanyika hutengenezwa mche ukiwa na miezi mitatu au minne. Ung'oe, uoshe, kisha kata mzizi mkuu ukibakiza sentimita mbili tatu chini ya shina. Uache kivulini penye hewa siku tatu hadi tano mpaka kidonda kifunge. Halafu ukalishe juu ya kitu bapa ndani ya chungu, mfano kifuniko cha ndoo au sidii mbovu, na utandaze mizizi ya pembeni pande zote kama vidole vya mkono uliofunguliwa. Mzizi ukizuiwa kwenda chini hutafuta njia ya pembeni, na huko ndiko unakonenepa.

Baada ya miezi sita hadi mwaka, wakati wa kubadilisha udongo, inua mmea sentimita mbili au tatu juu ya ulivyokuwa. Safisha nywele nyembamba za mizizi zilizo juu, panga ile minene, ondoa iliyopitana. Rudia kila mara unapobadilisha chungu. Gome la mizizi iliyotoka ardhini ni laini na huungua na jua, hivyo uweke mmea kwenye kivuli chepesi wiki mbili. Ukiinua sana kwa mara moja mmea hulegea na kuanguka. Picha unazoziona mtandaoni ni za mimea iliyoinuliwa kidogo kidogo kwa miaka.

Kumbuka kutofanya kazi ya mizizi na kupogoa kwa nguvu siku ileile, isipokuwa mmea una afya ya kutosha. Mmea dhaifu hauwezi kuponya juu na chini kwa pamoja.

Mbegu napataje kwenye mmea wangu?

Ua la adeniamu limefungwa ndani kwa koni inayofunika sehemu ya uzazi, na bila wadudu wanaofaa mara nyingi halishiki mbegu. Wakulima huchana ua na kuhamisha chavua kwa unywele mgumu wa brashi. Ikishika, yatatokea maganda mawili yaliyoshikana kama pembe, nayo hukomaa kwa miezi miwili au mitatu. Yafunge kwa uzi au kipande cha chandarua kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya kwenye ncha zote mbili na upepo utaichukua.

Panda mbegu zikiwa mpya. Zilaze, funika kwa mchanga mwembamba kiasi cha kutoziona, weka penye joto. Za siku chache tangu kuvunwa huota kati ya siku tatu na wiki moja. Za mwaka mzima dukani huota chache.

Usitarajie mtoto afanane na mama. Mbegu kutoka ua jekundu la tabaka tatu inaweza kukupa ua jepesi la waridi lenye petali tano. Ukitaka rangi ileile, bebesha.

Kubebesha kunafanywaje?

Shina la chini liwe mche wa mbegu wenye afya, kipandikizi kiwe ncha ya tawi lililokomaa la aina unayoitaka, vyote viwili vya unene unaokaribiana. Kata shina la chini bapa, litie mkato wa umbo la V, chonga kipandikizi kama kabari, kitie ndani ngozi za pande zikutane walau upande mmoja. Funga kwa utepe wa nailoni kwa kukaza, funika kwa mfuko mdogo wa plastiki, weka kivulini. Wiki mbili hadi nne kipandikizi kikichipua, fungua mfuko kidogo kidogo. Kila chipukizi litakalotoka chini ya muungo ling'oe mara moja, kwa sababu la chini lina nguvu kuliko la juu na litaua aina uliyoilipia.

Hivi ndivyo aina nyingi za maua ya tabaka mbili na tatu zinavyosambazwa, na kazi kubwa ya kuzizalisha imefanywa na wakulima wa Thailand na Taiwan. Ni maua mazuri na hudumu siku nyingi zaidi. Lakini kwa wingi wa maua kwa mwaka mzima, lile la kawaida la petali tano huyashinda mengi. Anayeanza aanze na hilo.

Nimeona mbegu za waridi la jangwani la buluu zikiuzwa. Ninunue?

Usinunue. Adeniamu ya buluu haipo. Picha zimepakwa rangi. Ya njano ipo, na ile inayoitwa nyeusi ni nyekundu iliyokolea sana.

Shina limelainika. Limeoza au lina kiu?

Libonyeze pande zote. Likiwa limelegea sawasawa, gome limekunjamana na udongo ni mkavu, ni kiu. Mwagilia na baada ya siku chache litajaa tena. Likiwa laini mahali pamoja, limegeuka kahawia, linatoa maji au harufu, na udongo una unyevu, ni uozo.

Uozo haungojwi. Ng'oa mmea siku hiyohiyo, osha, kata nyama iliyoharibika mpaka ubaki na nyama nyeupe safi isiyo na doa hata dogo, ukifuta kisu kwa spiriti kila baada ya mkato. Paka dawa ya ukungu, ning'iniza kivulini penye upepo kwa wiki moja au zaidi. Kisha panda kwenye mchanganyiko mkavu na usimwagilie kwa wiki nyingine. Mmea uliopoteza nusu ya shina huweza kupona ukawa na umbo la ajabu kuliko ulivyokuwa. Doa likibakizwa kwa huruma, ndani ya wiki utarudi palepale.

Wadudu gani nijihadhari nao?

Vidukari vya njano hujaa kwenye machipukizi machanga. Wapige kwa maji yenye sabuni kidogo ya kunawia jioni, rudia baada ya siku tano. Vidung'ata, wale weupe wenye kama pamba, hujificha kwenye makovu ya majani na hata mizizini. Pamba iliyolowa spiriti huwamaliza wakiwa wachache. Utitiri huja wakati wa joto kavu: majani hupata vidoadoa, hukwaruzika na kudondoka, na ukitazama upande wa chini utaona utando mwembamba. Nyunyizia maji upande wa chini wa majani kila asubuhi, na wakizidi tumia salfa, ila si wakati wa jua kali.

Ukikuta majani yameliwa usiku mmoja hadi kwenye vikonyo, tafuta kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu karibu na kichwa. Ni mtoto wa nondo wa oleanda. Mwondoe kwa mkono. Mmoja au wawili ndio waliofanya kazi yote.

Ni kweli una sumu?

Kweli kabisa. Utomvu wake una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wameutumia tangu zamani kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Kuukuza nyumbani hakuna hatari kwa kuugusa tu, lakini nawa mikono baada ya kukata, usijipanguse macho, na weka chungu mbali na mtoto anayeanza kutia kila kitu mdomoni. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Mtu au mnyama akimeza, usimtapishe na usimpe dawa za nyumbani. Mpeleke kwa daktari pamoja na kipande cha mmea.

Naishi Nairobi. Utachanua?

Utachanua, kwa uvumilivu. Usiku wa Juni hadi Agosti ni baridi kwake. Utadondosha majani na kusimama. Uweke kwenye ukuta unaopokea jua la mchana, punguza maji hadi mara moja kwa wiki mbili tatu, na usiushughulikie mpaka Septemba ikaribie kuisha. Hapo ndipo ukate.

Na sisi wa Muscat, Dubai, London au Toronto?

Ghuba, tatizo ni chungu kuchemka wakati wa kiangazi. Kivuli cha alasiri na chungu cheupe vinatosha. Msimu mzuri wa maua huko ni kabla na baada ya joto kali. Ulaya na Kanada, mmea ukae nje wakati wa joto tu. Usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, uingize ndani kwenye dirisha lenye mwanga kuliko yote. Ukidondosha majani yote usiumwagilie hadi machipukizi yaonekane karibu na Machi. Kupogoa kwenu ni mwishoni mwa Machi au Aprili, siku zikirefuka.

Naweza kuchimba mmoja porini?

Hapana. Ndani ya hifadhi ni kosa la jinai, na nje ya hifadhi mmea mkubwa uliokatwa mizizi kwa jembe mara nyingi huoza kabla haujashika. Mche wa mbegu wa kitaluni utaupita kwa umbo ndani ya miaka michache, kwa sababu mizizi yake umeipanga wewe.

Machipukizi ya maua yanatokea halafu yanakauka na kudondoka. Kwa nini?

Mara nyingi chungu kimehamishwa. Mmea uliozoea jua la upande mmoja ukigeuzwa au kupelekwa kivulini wakati vifundo vya maua vimeshatoka, huviacha. Kwa hiyo ule mtindo wa kugeuza chungu kila wiki usitishe vifundo vikifikia ukubwa wa punje ya mchele, uendelee baada ya maua. Sababu nyingine ni udongo kukauka kabisa kati ya mwagilio mmoja na mwingine, mvua ya ghafla baada ya ukame, na utitiri. Vunja kifundo kimoja kilichokauka ukitazame ndani. Ukikuta vidudu vyembamba vyeusi au vya njano vinatembea, hao ni vithiripi. Ondoa vifundo vyote vilivyoharibika, vitupe mbali na mimea mingine, na piga dawa mara mbili kwa kupishana wiki moja.